Kapteni Tetemeko na Mgongo wa Shati

Mtaani kwao hakuna aliyehitaji kuuliza fundi Sentimita amenyolewa lini. Ukimwona anapita, nywele za kushoto ziko juu na za kulia zimeshuka, ujue ametoka barabara ya tatu, kwa yule kinyozi mzee ambaye macho yake yalishastaafu kabla ya mikono. Watu walicheka kila mara kwa sababu ile ile: mkabala kabisa na duka la Sentimita la ushonaji, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kinyozi bora kuliko wote mjini. Hatua kumi na moja tu. Sentimita alishazipima kwa macho, na macho yake, kwa maneno yake mwenyewe, hayajawahi kukosea hata upana wa sindano.

Lakini hakuwahi kuzivuka. Yeye na kinyozi hawakuwa wamesemezana kwa miaka thelathini na moja.

Usidhani walikuwa wanatukanana. Ugomvi wao ulikuwa na adabu zake. Mfereji uliopita mbele ya maduka ukiziba, Sentimita alisimama mlangoni akamwambia mkewe, kwa sauti ya kufika stendi, "Mama watoto, hebu mwambie huyo mtu nywele zake zimeziba mfereji." Kinyozi, aliyesikia kila neno, alimjibu mteja aliyekuwa kitini: "Wewe, mwambie huyo mtu vipande vyake vya vitambaa navyo haviyeyuki." Mteja mwenyewe, wembe ukiwa shingoni, hakumwambia mtu kitu.

Sababu ya kununiana kwao Sentimita hakupenda kuitaja. Mtu mzima mwenye watoto watatu na cherehani mbili atasimamaje mbele za watu aseme amevimba miaka yote hiyo kwa ajili ya kijitabu cha katuni? Mkewe alidhani ni mambo ya kiwanja. Dada yake alidhani ni mambo ya mwanamke. Sentimita aliwaacha wote wadhani, maana yote mawili yalikuwa na heshima kuliko ukweli.

Kidonda kilikuja kutoneshwa Jumatatu moja asubuhi. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemfundisha kushona, alikuwa anapaka rangi nyumba yake. Akaingia dukani na sanduku la bati kichwani, akalitua kwenye meza ya kukatia bila kujali kilichokuwepo, akapangusa mikono.

"Takataka zako hizi. Nimekutunzia tangu ulipoanza kuota ndevu. Sasa zenyewe zimeanza kuota ukungu."

Sentimita alifungua kifuniko, na harufu ya karatasi kuukuu ikampiga usoni, akajikuta anatabasamu kabla hajajua anamtabasamia nani. Yalikuwemo yote, matoleo thelathini na tisa, yamelala kwa mpangilio kama alivyoyaacha. Kapteni Tetemeko, Mlinzi wa Jiji la Mawingu! Ambaye alikuwa akikanyaga chini kwa mguu wa kulia, ardhi inatetemeka, majambazi wanaanguka chali. (Kwa nini watu wema waliosimama pembeni hawakuanguka nao, hilo halikuelezwa hata siku moja.) Alikuwemo Malkia Gundi, ambaye kila alichokigusa kilinata, kwa hiyo alizunguka nusu ya maisha yake na kikombe cha chai mkononi. Alikuwemo Profesa Uyoga, aliyetaka kuitawala dunia nzima lakini upande wa kivulini tu. Kilikuwemo Chama cha Mashujaa Saba, ambao ukiwahesabu katika kila picha ni sita.

Tangu siku hiyo, ikifika saa ya chakula cha mchana, Sentimita aligeuza kibao cha mlangoni, akala kwa mkono mmoja na kufunua kurasa kwa mwingine. Tena hakusoma kama zamani. Zamani alikuwa mtoto. Sasa alikuwa fundi. Alimtazama Kapteni akipaa juu ya mapaa ya nyumba, joho jekundu likipepea, akatikisa kichwa: joho lile lilikatwa vibaya, lingemkaba koo kabla hajafika barabara ya pili. Akachukua utepe wake wa kupimia, ule ambao hautoki shingoni mwake hata akienda msibani, akaanza kumpima Kapteni ukurasa kwa ukurasa. Toleo la tano mikono ya vazi inafika kwenye vifundo vya vidole. Toleo la sita inaishia juu ya kifundo cha mkono. Toleo la tisa suruali imejikunja magotini, la kumi imembana mpaka unamwonea huruma.

"Huyu mchoraji alikuwa mlevi," Sentimita alimweleza mkewe.

Mkewe alikuwa anashona vifungo. Aliinua macho mara moja tu, akayarudisha kwenye sindano. "Na hiyo chupi juu ya suruali, nayo ni ulevi?"

"Hiyo ni ya kishujaa."

"Basi mwenyewe siku ukitoka hivyo, niambie mapema niende kwa mama."

Hapo ndipo Sentimita alipocheka mpaka machozi yakamtoka, si kwa maneno ya mkewe tu, bali kwa sababu alikuwa amefika pale Malkia Gundi anapompiga Kapteni kofi na mkono unakataa kubanduka, wanaenda mahakamani hivyo hivyo. Akainua kichwa, akageukia dirishani, mdomo wazi, "We —!" Kinyozi, kule ng'ambo, aliinua uso kutoka kwenye kisogo cha mteja. Macho yakakutana. Sentimita akaumalizia mdomo ule kwa kupiga miayo mirefu ya uongo, akafunga dirisha.

Maana katika dunia nzima, hiyo ndiyo ilikuwa shida, alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angecheka bila kuelezwa. Walipokuwa na miaka kumi na tatu walivinunua vijitabu hivyo kwa kuchanga, wakavisoma kichwa kwa kichwa, wakajifunga shuka nyekundu mgongoni na kukanyaga ardhi mpaka majirani wakalalamika. Walibishana jambo moja: nyuma ya ile barakoa ya Kapteni kuna nani? Sentimita alishikilia kwamba ni mwoka mikate wa Jiji la Mawingu, kwa mabega yale. Kinyozi aliapa ni mpeleka barua, kwa kuwa kila tetemeko likiisha yeye ndiye wa kwanza kutokea kwenye kona. Toleo la 39 lilikwisha Kapteni ameshika ukingo wa barakoa yake. La 40, la mwisho, lingemaliza ubishi. Walipolipata walikula yamini: hakuna kulifungua mpaka Jumamosi, wote wawili wakiwepo. Likalazwa kwa Sentimita, kwenye meza ya dada yake, chini ya karatasi za kaki. Ijumaa jioni kinyozi alipita hapo nyumbani, akakaa dakika tano, akaitwa na mama yake, akatoka mbio. Jumamosi toleo halikuwepo.

Jumatatu yake Sentimita alipanda juu ya dawati, akamtangaza rafiki yake kuwa mwizi mbele ya darasa zima. Kisha akangoja aje kuungama. Alikuwa bado anangoja.

Siku ya Alhamisi mkewe alirudi kutoka dukani kwa kinyozi, alikokwenda kuazima ngazi, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mke wa kinyozi amehamishwa kazi, anapelekwa hospitali nyingine, mji wa mbali. Jumamosi wanafunga duka. Jumapili wanaondoka."

"Aende salama," alisema Sentimita bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani.

"Sawa. Ila huo mfuko umeushona mgongoni."

Akatazama. Kweli. Mfuko wa kifuani, umesimama vizuri kabisa, mishono imenyooka, katikati ya mgongo wa shati la mhasibu.

Ukweli aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu hakutaka kuumia. Alikuwa amejizoesha kuwa na yule mtu pale mbele, kumnunia kila asubuhi anapofungua mlango na kila jioni anapoufunga. Siku zote alijiambia kwamba iko siku kinyozi atavuka barabara, kichwa chini, aseme "ni mimi nililichukua," naye Sentimita atamfanya angoje kidogo, halafu atamsamehe. Sasa siku zilizobaki zilikuwa mbili. Akienda bila kuungama, basi. Kiti cha kinyozi kitaondoka, na ule mwisho wa Kapteni utaondoka nacho. Lakini yeye avuke kwanza? Yeye aliyeibiwa? Kichwa chake kilikataa.

Ijumaa alikuwa na mashati ya shule ya kukata. Akatungua ukutani kiolezo cha mgongo, kile kipande kigumu ambacho fundi hukilaza juu ya kitambaa, akakizungushia chaki, akakata. Kiolezo hiki alipewa na dada yake siku alipofungua duka, na kilikuwa hakijawahi kupinda. Dada alikuwa na namna yake ya kuvitengeneza, hakuna fundi mwingine aliyeiga: kadibodi chini, karatasi ya kaki juu, na katikati anajaza karatasi yoyote iliyo karibu, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya unga aliyoipika mwenyewe. Kikikauka ungeweza kukitumia kuzuia mlango.

Mawazo yakiwa ng'ambo ya barabara, Sentimita aliiweka pasi ya mvuke juu ya kiolezo badala ya kuiweka kwenye kitako chake. Akaenda kutafuta chaki. Aliporudi pasi ilikuwa imetapika maji yake yote ya moto, na ile karatasi ya kaki ilikuwa inajikunja pembeni taratibu. Chini yake ilichungulia buti. Buti jekundu.

Akaivuta. Likatokea buti la pili. Zikatokea suruali, chupi juu yake, mkanda, kifua na joho linalopepea. Ilikuwa picha kubwa ya kukunjua ambayo wasomaji walipewa kama zawadi ya kuagana. Kapteni Tetemeko kamili, ila juu ya mabega hakuwa na kitu, kwa kuwa hapo dada alikata duara safi la kupitisha shingo ya mwanafunzi. Kwenye kona ya chini iliandikwa: Toleo la 40. Chini ya picha, kurasa zilizobaki zilikuwa zimegandana zikawa kitu kimoja.

Sentimita alikaa chini, mahali ambapo kiti hakikuwepo.

Alipoinuka alimpigia dada yake simu. "Dada, vile violezo vyangu, karatasi za katikati ulizitoa wapi?"

"Nani anakumbuka karatasi? Zilikuwa mezani."

"Nililificha toleo langu hapo! Chini ya kaki!"

"Yaani ulificha karatasi kwenye karatasi za kukatia, kwa mtu anayekata karatasi." Dada akavuta pumzi. "Akili yako siku zote ilikuwa mikononi."

"Dada, nilimwita mtu mwizi kwa ajili hiyo."

"Mtu gani?"

"Kinyozi."

Sauti ya dada ikapasuka simuni. "Kumbe ndiyo maana? Mimi miaka yote namlaani mwanamke ambaye hata hayupo! Mbona hukuniuliza?"

Hakuuliza kwa sababu alikuwa na uhakika. Alifikiria shule nne alizozishonea, miaka yote ile, watoto wa mji mzima wakipita barabarani na mgongo wa Kapteni Tetemeko, na miongoni mwao mabinti wawili wa kinyozi, ambao mama yao alikuwa akija kupima nguo zao hapa hapa. Ushahidi ulikuwa unamzunguka kila siku saa moja asubuhi, na mikoba mgongoni.

"Nenda kamwambie," alisema dada.

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

Badala ya kwenda, Sentimita alishusha kutoka rafuni jora la kitambaa chekundu alilokuwa akimwekea bibi harusi mmoja, akapima, akakata, akashona mpaka saa za kufunga. Safari hii mkato wa shingo ulikaa inavyotakiwa.

Jumamosi asubuhi alivuka barabara. Zilikuwa hatua tisa. Jambo hilo lilimvuruga mpaka akafika mlangoni kwa kinyozi mdomo wazi, hana salamu.

Duka lilijaa, maana kila mtu alitaka kunyolewa kwa mara ya mwisho. Mashine ya kunyolea ikazimwa. Watu wanne kwenye benchi wakageuka kwa pamoja.

Kinyozi alimtazama mteja wake. "Mwulize huyo mtu anataka nini."

"Anauliza unataka nini," alisema mteja.

"Mwambie nataka kunyolewa."

"Anataka kuny—"

"Nimesikia," alisema kinyozi. "Mwambie akae kwenye foleni."

Akakaa. Zamu yake ilipofika alipanda kwenye kiti, na kinyozi aliposhika kitambaa chake cheupe cha kumfunika, Sentimita alisema, "Tumia hiki," akatoa kile chekundu mfukoni.

Kinyozi alikikunjua. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko kitambaa kinavyohitaji kutazamwa. Halafu akamfunga nacho shingoni, akawasha mashine, akaanza upande wa kushoto. Nywele zikaanguka. Sentimita aliuona upande ule kwenye kioo ukinyooka, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na miaka kumi na tatu, na hapo moyo ukamjaa, akashindwa kuendelea kujikaza kisabuni. Akauchomoa ule mgongo wa shati, kile kiolezo alichokuja nacho kwapani, kutoka chini ya kitambaa.

"Hukuliiba," alisema. "Dada alilitia gundi. Nimekatia mashati hadi ya watoto wako. Nilikutangaza mbele ya darasa zima na hukuwa na kosa lolote. Nisamehe."

Mashine ikazimwa tena. Kinyozi alikipokea kiolezo kwa mikono miwili.

"Kichwa kiko wapi?"

"Hapo ni shingo. Ilibidi mtoto apite."

Mdomo wa kinyozi ulicheza, lakini hakucheka. Alienda kwenye droo ya chini, ile ambayo nyembe mpya hukaa, akapekua hadi chini kabisa, akarudi na bahasha. Ndani yake kulikuwa na Toleo la 40, zima, limefungwa uzi kwa fundo la muuza magazeti.

"Nilinunua lingine Jumapili yake," alisema. "Nilijua unaumia. Nikanyoa watoto saba wa majirani kwa mkasi wa mama, wawili wakatoka damu. Ndivyo nilivyoanza kazi hii, kama hukujua. Jumatatu nikaja nalo darasani nikakukuta juu ya dawati. Ningelitoa pale, ungesemaje?"

Sentimita alifikiri kwa haki. "Ningesema, si mnaona, ndilo lile."

"Basi."

"Na ukalisoma?"

"Tuliapa tutasoma pamoja." Kinyozi alijibu kwa ukali, kama aliyetukanwa. "Niwe mwizi, halafu tena nivunje na kiapo?"

Hapo Sentimita alilia. Alilia vibaya, na nywele zilizokuwa zimemwangukia usoni zikamnata mashavuni kwa machozi, hata mtu wa mwisho kwenye benchi akamkabidhi leso bila kuombwa. Kinyozi akakata uzi kwa wembe.

Walisoma kichwa kwa kichwa, Sentimita kitini, kinyozi akiinama begani kwake. Mteja mmoja aliyekuwa na haraka tangu asubuhi alisogeza benchi aone vizuri. Ukurasa wa ishirini na nane Kapteni alivua barakoa, na chini yake, unga ukiwa nyusini, alikuwa mwoka mikate.

"Nilisema!" Sentimita aliruka, joho likapepea. "Nilisema mimi! Mwoka mikate!"

Kinyozi alifungua ukurasa wa mwisho kwa unyonge. Mlango wa duka la mikate ulikuwa umefunguliwa, na mpeleka barua alikuwa ameingia, ameweka mkoba wake sakafuni, amenyoosha mkono kuomba lile vazi. Maneno yaliyokuwa juu ya kichwa chake yalisema: "Haya, vua. Leo ni zamu yangu."

Wakatazama picha, wakatazamana.

"Walikuwa wawili," alisema Sentimita polepole. "Vazi moja! Ndiyo maana mikono inakuwa mifupi! Toleo la sita, la kumi! Nimempima na utepe, nikasema mchoraji mlevi!"

"Na kisogo!" kinyozi alipiga kelele. "Toleo la tano nywele za kisogoni zimejisokota, la sita zimelala! Nimeliona hilo tangu utotoni, sikuwa na wa kumwambia!"

Wakacheka hadi kinyozi akashika ukuta. Wote wawili walikuwa sahihi toka mwanzo. Kila mmoja alibeba nusu ya jibu, na barabara ya hatua tisa ikawa katikati yao. Watu wa benchi nao wakacheka, ingawa hawakujua Kapteni ni nani.

Saa sita gari la kubebea vyombo lilipiga honi nje. Kinyozi alifuta mashine yake, akaifungia kwenye kisanduku.

"Na huku kwingine?" aliuliza Sentimita, akigusa upande wa kulia wa kichwa, ambao ulikuwa kichaka kizima.

"Huko utanifuata baada ya wiki mbili nikumalizie. Naenda mji wa mbali, siendi mwezini."

"Nitembee hivi?"

"Umetembea na kichwa kibaya miaka thelathini na moja. Wiki mbili ndizo zitakushinda?"

Sentimita hakubisha. Kinyozi alimwachia Toleo la 40, naye akambebesha kinyozi ule mgongo wa shati usio na kichwa, akauweka juu kabisa ya vyombo ili usipinde.

Aliporudi dukani mkewe alisimama, sindano ikamdondoka. "Mungu wangu, nani amekufanyia hivi?"

"Rafiki yangu," alisema Sentimita.

Mkewe akamletea kofia. Hakuivaa.